Osamu Tezuka

Osamu Tezuka (kwa Kijapani: 手塚治虫, Toyonaka, 3 Novemba 1928 – Tokyo, 9 Februari 1989) alikuwa mchoraji wa vibonzo na mtengenezaji wa filamu za katuni kutoka nchini Japani. Alisomea pia udaktari na kupata leseni, lakini hakuwahi kuitegemea kazi hiyo kwa riziki yake. Anajulikana hasa kwa kibonzo cha Tetsuwan Atom, kilichoenea nje ya Japani kwa jina la Astro Boy, pamoja na Jungle Taitei, Black Jack, Buddha na Hi no Tori.

Wajapani humwita mungu wa manga, yaani wa vibonzo vya Kijapani. Manga ilikuwepo kabla hajazaliwa, lakini hadithi ndefu yenye wahusika wanaokua, wanaokosea na hata kufa, iliyochorwa kana kwamba msomaji anatazama sinema, ilipata umbo lake kubwa mikononi mwake. Vipindi vya katuni vya kila wiki kwenye televisheni ya Japani navyo vilianza na kampuni yake. Malipo duni ya wachoraji wa vipindi hivyo, ambayo yanalalamikiwa hadi leo, mara nyingi huhusishwa naye pia.

Maisha ya awali

Tezuka alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa Yutaka na Fumiko Tezuka. Siku aliyozaliwa ilikuwa sikukuu ya kumkumbuka Kaisari Meiji, kwa hiyo wazazi walichukua herufi ya pili ya jina hilo (治) wakampa mtoto. Katika jina la mtu husomwa Osamu. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, familia ilihamia Takarazuka, mji wa chemchemi za maji ya moto katika mkoa wa Hyogo. Mji huo una jumba maarufu la maonyesho ambako wahusika wote, wa kiume na wa kike, huigizwa na wanawake. Mama yake alimpeleka huko mara kwa mara. Mwaka 1953 alipoanza kuchora Ribon no Kishi, hadithi ya binti mfalme anayelelewa kama mvulana ili aweze kurithi kiti cha enzi, wasomaji wa Takarazuka hawakuhitaji kuelezwa wazo lilitoka wapi.

Nyumbani kulikuwa na vitu ambavyo watoto wengi wa wakati ule hawakuwa navyo. Baba alikuwa na projekta ndogo, akawaonyesha watoto filamu za Charlie Chaplin na katuni za Walt Disney. Mama aliwanunulia vitabu vya vibonzo na kuwasomea kwa kubadilisha sauti kwa kila mhusika. Shuleni mambo yalikuwa magumu zaidi. Tezuka alikuwa na mwili mdogo, miwani na nywele za mawimbi, na wenzake walimtania sana mpaka walipogundua kwamba anajua kuchora. Tangu hapo daftari zake zilipita mkono kwa mkono darasani.

Alipenda pia kukusanya wadudu na kuwachora kwa rangi, mguu kwa mguu na bawa kwa bawa. Kuna mbawakawa mmoja ambaye kwa Kijapani huitwa osamushi, jina lililokaribiana mno na lake. Akiwa bado mwanafunzi aliongeza herufi ya mdudu (虫) mwishoni mwa jina lake, na hivyo ndivyo alivyotia sahihi kazi zake zote hadi kufa.

Vita na masomo ya udaktari

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Tezuka alikuwa mwanafunzi katika shule ya Kitano jijini Osaka. Kama vijana wengine, aliondolewa darasani na kupelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha jeshi. Katika kipindi hicho alipata ugonjwa wa ngozi uliosababishwa na kuvu, mikono yote miwili ikavimba, na ikabaki kidogo aipoteze. Daktari aliyemponya ndiye aliyemtia hamu ya kusomea tiba.

Mnamo Aprili 1945 aliingia katika ukumbi wa sinema jijini Osaka kutazama filamu ndefu ya katuni iliyogharimiwa na jeshi la majini, Momotaro Umi no Shinpei. Ilikuwa filamu ya propaganda, lakini kijana huyo aliona ndani yake ndoto na matumaini ambayo hayakuweza kufutwa na propaganda, akajiapia kwamba siku moja atatengeneza filamu ya namna hiyo. Mwezi Juni mwaka huohuo ndege za Marekani zilishambulia Osaka kwa mabomu ya moto. Tezuka alikuwa zamu juu ya mnara wa ulinzi wa kiwanda. Alinusurika, akarudi nyumbani kwa miguu akipita maiti kandokando ya mto Yodo. Usiku vita ilipokwisha, tarehe 15 Agosti, aliona taa za jiji zikiwaka tena, akatambua kwamba yuko hai na kwamba sasa anaweza kuchora bila kujificha. Alirudia kumbukumbu hizo mara nyingi katika kazi zake, kwa uwazi zaidi katika hadithi fupi Kami no Toride ya mwaka 1974.

Mwaka 1945 alianza masomo ya udaktari katika chuo kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Osaka. Alisoma huku akichora vibonzo vya kuuza, na kazi hizo mbili zilipigana. Profesa wake mmoja alimshauri aachane na tiba kwa faida ya wagonjwa. Tezuka alipomwendea mama yake, mama alimwuliza tu ni kipi anachokipenda zaidi. Aliposikia jibu akamwambia akifuate. Hata hivyo hakuacha masomo katikati. Alihitimu mwaka 1951, akafaulu mtihani wa taifa mwaka uliofuata, na mwaka 1961, akiwa tayari mchoraji mashuhuri, alipata shahada ya uzamivu katika Chuo cha Tiba cha Nara kwa utafiti wa mbegu za uzazi za konokono.

Kuingia katika vibonzo

Kazi yake ya kwanza kuchapishwa ilikuwa Mā-chan no Nikkichō, vibonzo vya picha nne nne vilivyoanza Januari 1946 katika gazeti la watoto. Jina lake lilienea mwaka uliofuata kwa kitabu Shin Takarajima, alichokichora kwa hadithi ya Shichima Sakai. Kilikuwa kitabu cha aina iliyoitwa vitabu vyekundu: karatasi duni, jalada la rangi kali, bei ya chini, vikiuzwa hata katika maduka ya peremende. Inasemekana ziliuzwa nakala 400,000 katika nchi iliyokuwa na njaa na magofu. Kurasa za mwanzo zinamwonyesha mvulana akiendesha gari kwenda bandarini, na macho ya msomaji yanahamishwa kutoka mbali hadi karibu, kutoka mbele hadi pembeni, kama kamera inavyofanya. Watoto wengi waliokuja kuwa wachoraji wakubwa walikumbuka kurasa hizo maisha yao yote. Miongoni mwao ni marafiki wawili waliojulikana baadaye kwa jina la Fujiko Fujio, ambao mmoja wao alibuni Doraemon.

Baadaye Tezuka alihamia Tokyo, na mwaka 1953 alipanga chumba katika nyumba ya mbao iliyoitwa Tokiwa-sō. Alipohama, wale wawili wa Fujiko Fujio walikichukua chumba chake, kisha wakafika Shōtarō Ishinomori, Fujio Akatsuka na wengine. Nyumba ilibomolewa mwaka 1982, lakini ilijengwa upya kama makumbusho mwaka 2020.

Tezuka alikuwa na desturi ya kuwatumia wahusika wake kama waigizaji wa kampuni moja ya filamu. Mzee mwenye masharubu aitwaye Higeoyaji anaweza kuwa mwalimu katika hadithi moja na mpelelezi katika nyingine. Alichora hadithi kadhaa kwa wakati mmoja kwa magazeti tofauti, na wahariri walikesha nyumbani kwake wakisubiri kurasa, kila mmoja akihakikisha mwenzake hapewi kwanza. Mara nyingine mchoraji mwenyewe aliwatoroka.

Jungle Taitei na sura ya Afrika

Kati ya mwaka 1950 na 1954 Tezuka alichora Jungle Taitei, yaani mfalme mkuu wa msituni. Ni hadithi ya Leo, mwanasimba mweupe anayezaliwa melini baada ya baba yake kuuawa na mama yake kukamatwa, na ambaye anarudi Afrika kujenga nchi ya wanyama wanaoishi kwa amani. Mwishoni Leo anajitoa afe kwenye theluji ya Mlima Moon, jina linalomkumbusha msomaji wa Afrika Mashariki Milima ya Mwezi ya Ruwenzori. Kwa kibonzo cha watoto cha wakati ule, shujaa kufa ukurasani lilikuwa jambo zito.

Hadithi hiyo ilifanywa kipindi cha televisheni kuanzia Oktoba 1965, vipindi 52, na ndiyo katuni ya kwanza ndefu ya televisheni ya Japani kuonyeshwa kwa rangi. Marekani ilionyeshwa kwa jina la Kimba, ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kulisikia bila kufikiria simba. Kampuni ya Disney ilipotoa The Lion King mwaka 1994, yenye Simba, Rafiki na Pumbaa, wachoraji wengi wa Japani walilalamika kwamba filamu hiyo inafanana mno na kazi ya Tezuka. Disney ilikana, na kampuni ya Tezuka haikwenda mahakamani. Ubishi una mkasa wake, kwa kuwa Tezuka mwenyewe alikuwa mwanafunzi mkubwa wa Disney: aliitazama Bambi zaidi ya mara 80, kwa maelezo yake, na kuichora upya kama kitabu.

Lipo jambo jingine ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulipita. Afrika ya Jungle Taitei ni Afrika ya filamu za Tarzan. Wanyama wake wana majina, mawazo na huzuni; watu weusi wamechorwa wakiwa na midomo minene na sketi za majani, wengi wao bila jina. Vikundi vya kupinga ubaguzi nchini Japani vilianza kuzilalamikia picha za namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1990, baada ya kifo chake, mchapishaji alisimamisha kwa muda usambazaji wa vitabu vyake. Vilirudi sokoni vikiwa na maelezo kwamba picha hizo ni za enzi zilipochorwa na kwamba zinawaumiza watu. Michoro yenyewe haikubadilishwa. Ni haki kusema pia kwamba Tezuka alipinga ubaguzi na vita katika kazi zake nyingi; lakini mtu anaweza kuupinga ubaguzi kwa maneno huku mkono wake ukiendelea kuchora ulichozoea.

Atom kwenye televisheni

Atom alionekana kwanza mwaka 1951 kama mhusika mdogo, kisha akapewa hadithi yake mwenyewe kuanzia Aprili 1952 katika gazeti la Shōnen, ambako alidumu hadi mwaka 1968. Katika hadithi hiyo Dakta Tenma anampoteza mwanawe katika ajali ya gari, anatengeneza roboti mwenye sura ya marehemu, kisha anamchukia kwa sababu haongezeki kimo, na kumwuza kwa sarakasi. Profesa Ochanomizu ndiye anayemwokoa na kumlea. Atom ana nguvu za farasi 100,000, lakini kinachomsumbua ni kuwa katikati ya wanadamu wanaomtumia na roboti wanaonyanyaswa. Wengi nje ya Japani walimwona kama shujaa mchangamfu wa nishati ya nyuklia. Tezuka aliwahi kueleza kwamba mbegu ya hadithi ilikuwa kipigo alichopata barabarani kutoka kwa wanajeshi wa Marekani baada ya vita, kwa sababu tu hakuelewana nao lugha.

Mwaka 1961 alianzisha studio yake ya katuni, ambayo baadaye iliitwa Mushi Production. Baadhi ya wafanyakazi wake walitoka kampuni ya Toei, wakivutiwa na mishahara mizuri. Tarehe 1 Januari 1963 kipindi cha kwanza cha Tetsuwan Atom kilirushwa na Fuji TV. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba katuni ya nusu saa kila wiki haiwezekani, kwani filamu ya ukumbini ilihitaji maelfu mengi ya michoro na miezi mingi ya kazi. Tezuka alipunguza. Mchoro mmoja ulikaa kwa fremu tatu. Mhusika alipozungumza ulisogea mdomo tu. Kamera ilipita juu ya picha iliyotulia. Na michoro ya kuruka au kukimbia ilitunzwa ghalani na kutumiwa tena katika vipindi vingine. Aliamini kwamba hadithi ikiwa nzuri, mtazamaji atasamehe mengine. Hakukosea: katika kilele chake kipindi kilitazamwa na zaidi ya asilimia 40, kikafika Marekani mwaka huohuo, na kikaendelea hadi mwisho wa 1966 kwa vipindi 193.

Tatizo lilikuwa bei. Tezuka alikubali kukiuza kila kipindi kwa kiasi kidogo kuliko gharama ya kukitengeneza. Kiasi kinachotajwa sana ni yen 550,000, ingawa watafiti na watu waliofanya kazi naye wametoa hesabu tofauti. Alitegemea kuziba pengo kwa mapato ya vibonzo vyake na kwa haki za kutumia sura ya Atom, kama vibandiko vilivyotiwa ndani ya chokoleti za kampuni ya Meiji iliyodhamini kipindi. Pia alitarajia kwamba bei hiyo itawazuia washindani. Haikuwazuia. Kabla mwaka 1963 haujaisha, kampuni nyingine zilikuwa hewani na katuni zao za roboti na mashujaa, na wadhamini walikuwa wamekwisha kujua bei ya chini inavyoonekana. Studio isiyokuwa na Atom wa kuuza kwenye chokoleti ilibidi ipunguze mahali pengine, na pa karibu zaidi palikuwa mfuko wa mchoraji.

Miezi michache baada ya Tezuka kufa, Hayao Miyazaki, mwongozaji aliyeanzia Toei, aliandika bila kuficha kwamba bei hiyo ya mwanzo ilikuwa balaa kwa wote waliofuata. Maneno hayo yaliwachukiza wengi kwa kuwa msiba ulikuwa bado mbichi. Wengine wanamtetea Tezuka wakisema bila bei ile hakuna kituo ambacho kingekubali, na kwamba wafanyabiashara waliokuja baada yake walikuwa na miaka mingi ya kurekebisha mikataba lakini hawakufanya hivyo. Hoja zote mbili zina uzito. Hata hivyo, aliyeweka bei ile alikuwa na kipato kingine, na waliobaki nayo hawakuwa nacho.

Kufilisika na Black Jack

Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wasomaji waliokuwa watoto walikuwa wamekua, na walipenda vibonzo vikali zaidi vilivyoitwa gekiga. Tezuka alionekana wa zamani, na jambo hilo lilimwuma. Alikuwa na wivu wa kazi usiofichika, hata kwa vijana aliowasaidia. Katika gazeti lake la COM, Ishinomori alikuwa akichora hadithi isiyo na maneno mengi iitwayo Jun. Tezuka alimwandikia msomaji kwamba kitu kile si manga, na habari zikamfikia mchoraji, ambaye alitaka kuacha. Tezuka alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Ishinomori kumwomba radhi.

Mwaka 1971 aliacha uongozi wa Mushi Production, na mwaka 1973 kampuni ikafilisika, ikimwachia madeni makubwa. Waliopitia pale walisambaa: baadhi walikuwa wamekwisha kuanzisha studio za Madhouse na Sunrise, na Yoshiyuki Tomino, aliyebuni Gundam, alianzia hapohapo. Mhariri wa gazeti la Shōnen Champion alimpa Tezuka nafasi ya hadithi fupi, wengi wakidhani ni heshima ya kumwaga mtu aliyekwisha. Hadithi hiyo ilikuwa Black Jack, iliyoanza Novemba 1973: daktari bingwa wa upasuaji asiye na leseni, mwenye kovu usoni, anayedai fedha za kutisha kwa tajiri na mara nyingine kutibu maskini kwa bakuli la chakula. Zilitoka sura zaidi ya 240. Elimu ya udaktari iliyoachwa kando kwa miaka 20 ndiyo iliyomrudisha jukwaani.

Miaka iliyofuata alimaliza Buddha (1972–1983), maisha ya mwanzilishi wa dini ya Ubuddha, na Adolf ni Tsugu (1983–1985), hadithi ya wanaume watatu waitwao Adolf, mmoja wao akiwa Hitler. Katuni yake fupi Jumping ilipata tuzo kuu Zagreb mwaka 1984.

Kifo

Mwaka 1988 alifanyiwa upasuaji kwa sababu ya saratani ya tumbo. Kama ilivyokuwa desturi nchini Japani wakati huo, hakuambiwa jina la ugonjwa wake, ingawa alikuwa daktari. Novemba alisafiri hadi Shanghai, akarudi akiwa taabani. Hospitalini aliendelea kuchora akiwa kitandani, na siku za mwisho aliwasihi waliomzunguka wamwache afanye kazi. Alifariki tarehe 9 Februari 1989, akiacha mjane, Etsuko, na watoto watatu. Hadithi za Ludwig B, Neo Faust na Gringo hazikumalizika, wala Hi no Tori, aliyoianza mwaka 1954 na kuiita kazi ya maisha yake.

Magazeti yalipotangaza kifo ilibainika kwamba alikuwa na umri wa miaka 60. Kwa miaka mingi alikuwa amejiongezea miaka miwili, akidai kuzaliwa mwaka 1926.

Baada yake

Aliacha kurasa zipatazo 150,000. Mkusanyo wa kazi zake uliochapishwa na Kodansha ulifikia vitabu 400 mwaka 1997, na mwaka huohuo gazeti la Asahi Shimbun lilianza kutoa tuzo ya manga yenye jina lake. Makumbusho yake yalifunguliwa Takarazuka mwaka 1994. Kibonzo chake cha Metropolis kilifanywa filamu mwaka 2001, na Naoki Urasawa alichora upya sehemu ya hadithi ya Atom kwa jina la Pluto kuanzia mwaka 2003. Mwaka huo pia ulitoka mchezo wa video Astro Boy: Omega Factor, ambamo wahusika wa hadithi zake nyingi wanakutana, kama alivyozoea kuwafanyia mwenyewe. Kwenye kibonzo, tarehe ya kuzaliwa kwa Atom ni 7 Aprili 2003. Katika kituo cha treni cha Takadanobaba jijini Tokyo, jirani na ofisi za Tezuka Productions, abiria hujulishwa kuondoka kwa treni kwa muziki wa Tetsuwan Atom.